Mkono Juu ya Kipanya

Vumbi likipata moto lina harufu yake. Sisemei vumbi la barabarani, nasemea lile la ndani ya kompyuta za zamani, zile zenye kioo kilichotokeza mgongo kwa nyuma, ambazo ukiziwasha zinakohoa kwanza, zinanguruma, ndipo zinaamua kama leo zitafanya kazi au la. Kama wewe ni wa rika langu utaijua. Mwezi uliopita mama mdogo Zuhura alinipigia simu kutoka Kwamndolwa, akasema anataka kukipangisha kile chumba cha nyuma, na lile dude la kaka yako bado lipo, kuku wanatagia juu yake, njoo ulichukue au nilitupe. Nikaenda. Nilipofunua ile kanga iliyolifunika sikupata harufu yoyote isipokuwa ya kuku. Nikachomeka waya ukutani kwa ukaidi tu. Haikuwaka, lakini kitu fulani mle ndani kilipata moto kidogo kabla ya kuzima moja kwa moja, na ile harufu ikaja. Mimi mwanamke mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nikakaa chini kwenye mavi ya kuku nikalia mpaka mama mdogo akaja kuuliza kama nimeumwa na nge.

Nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu Rajabu alikuwa na kumi na saba. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na mama, na mama alikuwa shambani Handeni, ndani ndani huko, ambako gari linakushusha barabarani halafu unatembea mpaka unachoka kuuliza bado wapi. Sisi tulikaa mjini Korogwe, mtaa wa Kwamndolwa, kwa mama mdogo, ndugu yake mama wa mwisho, kwa sababu Rajabu alikuwa na siko seli na hospitali haikuwa mbali. Mimi nililetwa nimchotee maji na kukaa naye, maana mama mdogo alikuwa anauza chai na chapati stendi. Anaondoka alfajiri, anarudi alasiri amechoka, miguu imevimba.

Daktari alikuwa amemweleza mama kwamba damu ya Rajabu ina chembe zenye umbo la mundu. Mundu nilikuwa naujua vizuri, tulifyekea majani. Basi mimi nikaamini kuna mundu mdogo unazunguka mwilini mwa kaka yangu, unafyeka. Akisema goti linauma, najua leo umefika gotini. Nilikuwa nampapasa kuutafuta, na yeye alikuwa ananiacha nipapase, akijifanya anashtuka ninapokaribia.

Shule aliiacha kidato cha tatu, siku za kulala hospitali zilikuwa nyingi kuliko za darasani. Kompyuta alipewa na Mzee Ramji, mwenye duka la vipuri pale sokoni, ambaye Rajabu alikuwa anamtengenezea redio. Kijana wake Mzee Ramji alikuwa amekwenda kusoma nje na hakuonyesha dalili ya kurudi. "Chukua tu wewe," alimwambia Rajabu, "mtoto yangu ameenda, mimi nafuta vumbi kila siku ya nini?" Tuliibeba kwa mkokoteni, mimi nimeshika kile kipanya mkononi kama yai. Ndani yake mlikuwa na kazi za shule za yule kijana, picha za harusi moja, na mchezo mmoja tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza kitupu. Kuna nyota, kila nyota ni nchi, na kati ya nyota na nyota unatuma vikosi vya meli za angani kwenda kupigana. Usidhani ni ile michezo ya kufyatua fyatua vidole. Vita ikianza hugusi kitu. Kazi yako yote iko kabla. Kulikuwa na ukurasa mmoja, Rajabu aliuita ukurasa wa mbinu, ambapo kila meli unaipa amri tatu: ikae umbali gani na adui, impige nani kwanza, na ikiumia kiasi gani ndipo irudi nyumbani. Hiyo ya tatu ilikuwa na majibu manne. Robo, nusu, robo tatu, au kamwe. Alinifundisha kuyatambua hayo maneno manne kwa sura zake, hivyo hivyo bila kujua kuyasoma. Ukishabonyeza kutuma, basi. Meli zinakwenda, zinakutana na adui, zinapigana zenyewe kwa amri ulizoziachia, na wewe umekaa unaangalia mstari wa kijani juu ya kila meli ukigeuka manjano, kisha mwekundu. Ukigundua umekosea, huna la kufanya ila kuangalia.

Mimi niliamini mle ndani mna watu.

"Wanakula nini humo?" nilimuuliza.

"Ugali."

"Na mboga?"

"Hawa, niache. Nafikiri."

"Si useme tu kama mboga hawana."

Nyota tulizibatiza majina ya sehemu za kwetu. Ile ya baridi, yenye ukungu, ilikuwa Kwashemshi. Yenye maji ilikuwa Magoma, kwa sababu ya majaruba ya mpunga. Ya kwetu tulipoanzia ilikuwa Kwamndolwa, ndogo, ya njano, haina kitu. Meli kubwa iliyokuwa inatengeneza wenzake tuliita Mama, na daima tuliiamuru ikae mbali. Kimeli kimoja kidogo chenye mbio kiliitwa Hawa, na hicho nilikuwa nakilinda kwa ugomvi. Rajabu akitaka kukipeleka vitani nanuna mpaka anakiacha.

Mwanzoni tulipigwa kila siku. Adui alikuwa na tabia moja: anatanguliza kimeli kimoja chepesi, kinapita karibu kabisa na sisi kama kinatuchokoza, meli zetu zote zinakimbilia hicho, na tukishafika mbali wenzake wanatokea nyuma na kuifuta Kwamndolwa. Rajabu alijaribu kila namna. Siku moja nilikuwa nabandua ganda la muwa, nikasema tu, "Mbona hao ni ngedere."

Akageuka. "Umesemaje?"

Nikamwambia kile ambacho mtoto yeyote aliyekaa dunguni anakijua. Dungu ni kile kichanja cha miti kinachojengwa katikati ya shamba, unakaa juu yake na kombeo na debe la kupiga kelele. Ngedere wanamtuma mmoja aje mbele ya macho yako, ale hindi moja kwa madaha, anakutazama. Ukishuka kumfukuza, wenzake ishirini wanaingia upande wa pili. Kwa hiyo wa kwanza humfukuzi. Unampigia debe hapo hapo ulipo, unamtuma mbwa kama yupo, wewe mwenyewe hushuki.

Rajabu alirudi kwenye ukurasa wa mbinu akakaa muda mrefu. Meli kubwa zote akaziamuru zisifukuze. Kimeli kimoja akakipa kazi ya mbwa. Tukatuma. Kile kingedere cha adui kikaja, kikazunguka, kikachokoza, hakuna aliyeshuka, na wale wengine walipotokea nyuma walitukuta tumekaa tunawasubiri. Mwe! Tulipiga kelele mpaka jirani akaja. Rajabu alininyanyua juu ingawa bega lilikuwa linamuuma siku ile, na kuanzia hapo akawa ananiita Jemedari. Sijawahi kuitwa jina zuri kuliko hilo, na nimeitwa mengi.

Sasa lazima nieleze habari ya mahindi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mahindi yakiwa yanakaribia kukauka, Rajabu alizidiwa, mama akaliacha shamba akaja kukaa naye hospitali. Majuma mawili. Handeni, shamba likikosa mtu dunguni kwa majuma mawili usiulize. Mchana ngedere, usiku nguruwe pori. Mama aliporudi alikuta mabua yamelala. Mwaka ule tulikula makopa ya muhogo mpaka nikawa nayaota, na kuna siku nyingi ambazo mama mwenyewe alisema ameshakula kwa jirani, na mimi nikamwamini. Hakulalamika hata mara moja. Lakini shangazi yetu mmoja, ndugu wa upande wa baba, alikuja kututembelea Kwamndolwa, akakaa uani na mama mdogo, na sisi tukiwa chumba cha nyuma tukamsikia.

"Wanasema nguruwe," alisema. "Nguruwe gani? Lile shamba limeliwa na mgonjwa."

Mama mdogo alimnyamazisha. Rajabu hakugeuka. Mkono wake uliendelea kusogea juu ya kipanya kama hajasikia kitu, lakini vita ile alishindwa, na ilikuwa vita nyepesi.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Mama alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, akipanda juu ya kichuguu kimoja ambapo mtandao ulikuwa unapatikana kwa kubahatisha. Alikuwa na swali moja kabla ya yote. "Mwanangu, unakula?" Rajabu anajibu, "Nakula, mama. Ngedere hawajambo?" Mama anacheka. Anasema mahindi ya mwaka huu, Mungu akipenda, yatakuwa mengi mpaka atafute watu wa kuyabeba.

Ilipofika likizo ya katikati ya mwaka na baridi ikaanza kushuka kutoka milimani, Rajabu aliniita nikae kitandani. Alikuwa na daftari langu la hesabu. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amechora mistari kama ule ukurasa wa mbinu.

"Jemedari," alisema, "mwaka huu mama hatoki shambani."

"Ukiumwa je?"

"Ndiyo tunaweka mbinu. Moja, umbali. Mama anakaa Handeni mpaka hindi la mwisho liingie darini. Mbili, wa kupigwa kwanza ni maumivu. Nikiumwa unanichemshia maji ya kukanda, unanipa vidonge, unanipa maji ya kunywa mengi. Na mama mdogo haambiwi, maana ukimwambia yeye umemwambia mama."

"Na tatu?"

"Tatu, nusu. Nikifika nusu ndipo unakimbia kumwita."

"Nitajuaje umefika nusu? Wewe huna mstari kichwani."

Alicheka. Halafu akafikiri, maana lilikuwa swali la haki. Akaniambia, "Utaangalia mkono wangu. Maadamu naweza kukaa pale nikashika kipanya, sijafika. Nikishindwa kukishika, hiyo ni nusu."

Niliona ni mbinu nzuri. Nilijivuna kabisa kwamba nimepewa mimi na hakupewa mtu mzima. Tukapeana mikono.

Maumivu yakaanza na goti, kama kawaida. Nilichemsha maji, nikakanda. Siku ya pili yakawa kiunoni, na Rajabu akaanza kukaa kwenye kompyuta tangu asubuhi mama mdogo akishatoka mpaka karibu na wakati wa kurudi kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa kiti kile kilikuwa kinamuumiza. Nilidhani amenogewa na vita. Alikuwa ananionyesha mkono. Mama mdogo alikuwa anatuachia chakula kimefunikwa kwa kawa, na Rajabu akawa hakigusi.

"Kula wewe, Hawa. Mama mdogo akikuta kimebaki atauliza."

Nikala. Siku moja ulikuwa wali na dagaa wa nazi, wali ambao kwetu ulikuwa wa sikukuu, nikala changu nikala na chake, nikalamba na sahani. Nisingependa kusema nilikula kwa huzuni. Nilifurahi. Alasiri mama mdogo anaingia, anavua ndala, anauliza kutoka mlangoni, "Kaka yako amekula?"

"Amekula."

"Yote?"

"Yote, mama mdogo."

Naye anaona sahani tupu, anashukuru Mungu, anajinyoosha mkekani. Rajabu anamwitikia kutoka chumbani kwa sauti ambayo alikuwa ameipumzisha mchana kutwa kwa ajili ya hiyo salamu moja. "Shikamoo, mama mdogo. Pole na kazi." Hakukuwa na mtu ambaye angeshuku.

Siku ya nne aliamka na macho ya njano na kifua kinambana. Alitembea mpaka kwenye kiti kwa kushika ukuta. Akawasha, ile harufu ya vumbi la moto ikajaa chumbani, akaingia kwenye ukurasa wa mbinu akakaa huko muda mrefu sana, akibonyeza meli moja moja. Kisha akatuma kikosi chote. Sijui kilikwenda kumpiga nani. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nasuka nywele za mwanasesere wa mahindi niliyemtengeneza mwenyewe.

"Kaka, mbona unapumua kama mbwa?"

Alitaka kucheka, akashika ubavu. "Ni baridi."

"Nikamwite mama mdogo?"

"Mkono wangu uko wapi?"

"Kwenye kipanya."

"Haya basi."

Nikaendelea kusuka. Kila baada ya muda nilinyanyua kichwa nikaangalia mkono. Uko. Nikarudi kwenye kazi yangu. Sikuangalia uso. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikuangalia uso, na jibu ni kwamba haukuwemo kwenye mbinu. Niliona kwamba kile kimshale kwenye kioo hakisogei, nikasema moyoni ni kawaida, vita ikianza hakuna anayegusa kitu, hata mimi najua. Jua lililoingia mlangoni lilikuwa kizingitini nilipoanza ule mkia wa nywele, na lilikuwa limefika mguu wa kitanda niliposimama kujinyoosha. Ndipo nikaona kwamba kwenye kioo vita ilikwisha zamani. Kuna maandishi yamekaa katikati yanasubiri mtu abonyeze.

"Kaka, imekwisha. Bonyeza."

Hakubonyeza. Nikamshika mkono nikaunyanyua. Ulikuwa wa baridi, na ulibaki vile vile, umejikunja kwa umbo la kipanya, huku kipanya hakimo. Alikuwa hai. Alikuwa anapumua haraka haraka, juu juu, na macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama. Nikakimbia mpaka stendi bila viatu.

Mama mdogo aliacha chapati kwenye chuma. Akamleta mwenye bajaji, wakambeba. Hospitali, nesi aliuliza, "Ameanza lini hali hii?"

"Leo," alisema mama mdogo. "Asubuhi nimemwacha mzima, amenisalimia." Akanigeukia. "Eti Hawa? Si leo?"

Nilikuwa na nafasi pale. Nesi alikuwa ameshika kalamu. Labda isingebadilisha kitu, labda ingebadilisha kila kitu, mimi si daktari. Nilimwuliza daktari mmoja miaka mingi baadaye, nikijifanya naulizia mtoto wa jirani. Akaniambia kifua kikianza kubana usisubiri hata saa moja, ukimuwahisha kuna dawa, kuna maji, kuna damu, kuna hewa, na siku hizi wapo watu wanaozeeka na ugonjwa huo. Akaniambia kwa upole sana. Siku ile pale hospitali mimi nilisema, "Leo."

Mama mdogo alipiga simu Handeni alasiri yote, haikupatikana. Asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, Rajabu alifariki. Mama mdogo alitoka nje ya wodi, akafunga kanga upya kiunoni, akapiga tena, na safari hii mama akapokea. Kwetu mtu hapewi msiba kwenye simu akiwa peke yake na safari iko mbele. Kwa hiyo mama mdogo, ambaye mashavu yake yalikuwa yamelowa, alitengeneza sauti yake akasema, "Dada, Rajabu amelazwa. Njoo." Nilikuwa nimesimama kando, nikasikia sauti ya mama ikitokea mle ndani, ndogo, ikiuliza, "Anaongea?"

"Njoo tu, dada," alisema mama mdogo.

Gari lilimshusha mama stendi baada ya adhuhuri. Mimi na mama mdogo tulikwenda kumpokea, na mama mdogo njia nzima alikuwa ananifundisha nisilie mpaka tufike nyumbani, mama asijue barabarani. Hakukuwa na haja. Kondakta alipanda juu ya gari akafungua kamba, akashusha gunia la mahindi. Gunia zima, jipya, limeshonwa mdomo kwa kamba ya mkonge. Mama alisimama kando yake, mkono mmoja juu ya gunia. Mwanamke anayekwenda kumuuguza mtoto hospitali anakuja na chupa ya chai na kanga ya kubadilisha. Gunia analeta mwanamke anayejua kuna watu watakaa kwake na watu hao watakula. Mama mdogo aliliona gunia, akaelewa kwamba mwenzake alishaelewa, na yote aliyonifundisha njiani akayasahau. Akapiga yowe pale pale stendi. Mama hakupiga. Aliniangalia akasema, "Shika upande huo, Hawa, tulibebe."

Mahindi yalikuwa yamekwisha kuingia darini. Siku mbili kabla. Alikuwa anapumzika ili Ijumaa aje kutushtukiza.

Wanaume walipomchukua Rajabu kwenda kumzika, wanawake wakabaki uani na mimi nikaingia chumba cha nyuma. Hakuna aliyekumbuka kuizima kompyuta. Ilikuwa imewaka tangu jana, imejaa joto, na yale maandishi bado yako katikati. Nikabonyeza mimi. Yakaondoka, nikafika kwenye ukurasa wa mbinu, na nikaona alichokuwa anakifanya asubuhi ile nilipokuwa nasuka. Meli zote, moja baada ya moja, kwenye amri ya tatu, alikuwa ameweka lile neno la mwisho. Kamwe. Kamwe. Kamwe. Hata Mama. Nikatafuta Hawa, haikuwemo kikosini. Alikuwa ameiacha Kwamndolwa, imeegeshwa.

Nimejaribu sana kuligeuza hilo liwe msamaha wangu. Kwamba nusu haikuwahi kuwepo, alinipa tu ili nisimsumbue. Kwamba alishaamua, na mtoto wa miaka tisa asingemshinda. Siku nyingine linakaribia. Halafu nakumbuka kwamba hata mtu aliyeamua anaweza kubebwa na kupelekwa kwa nguvu, akiwa na mtu mmoja tu wa kumwangalia usoni. Na siku nyingine namkasirikia yeye, namkasirikia vibaya, kwa kumpa mtoto kazi ile. Kisha naona aibu kumkasirikia marehemu, nayo inapita, ninarudi pale pale sakafuni na mwanasesere wangu.

Lile gunia lilisagwa mashine ya jirani jioni ile ile. Lilikuwa hindi jipya, halijakaa moshini, na ugali wake ulikuwa mweupe na una utamu ambao ugali wa unga wa dukani hauna. Waliokuja kutuhani walikula, walisifu, walisema mwaka huu Handeni Mungu kaifungulia. Yule shangazi alikula. Mimi nilikuwa na njaa kama mtoto yeyote, nilikaa ubavuni kwa mama nikala, nikaongezwa, nikala tena. Mama hakula. Alikuwa ananitazama tu ninavyotafuna, kisha akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la siri.

"Kaka yako siku hizi alikuwa anakula?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alhamdulillahi," alisema mama. "Hata juzi?"

"Hata juzi. Alikula wali."

Hajaacha kuuliza. Kila mwaka mahindi mapya yakiingia anauliza tena, kana kwamba nitakuwa nimekumbuka kitu zaidi, na mimi namwongezea: dagaa walikuwa wa nazi, alilamba na sahani. Kwake yeye Rajabu alikwenda ghafla, ameshiba, na hicho ndicho anachokishika anapokuwa peke yake huko shambani, ambako mpaka leo haruhusu mtu mwingine akae dunguni.

Ile kompyuta nilimwambia mama mdogo aitupe. Kutoka Kwamndolwa sikurudi kwangu, nilipanda gari la Handeni, nimeshaamua kwamba nitamwambia mama yote, kuanzia ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta uani anapukuchua, mahindi ya mwaka huu, miguu ameinyoosha, amezeeka. Nikampa shikamoo, nikakaa mbele yake, nikachukua hindi na mimi nikaanza kupukuchua.

"Umetoka kwa Zuhura?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nilikwenda kuangalia vitu vya kaka."

Vidole vyake viliendelea kupukuchua. Kisha akaniangalia, na nikajua swali linalokuja, na nikajua kwamba hii ndiyo nafasi, na kwamba nikiipita hii sitaitafuta nyingine.

"Mwanangu yule," alisema, "siku ile alikuwa amekula kweli?"

"Alikula, mama," nikasema. "Alikula, alishiba."